Mwalimu Aliyemlaza Potwe Uwanjani

Duara lake lilikuwa na pua. Mwalimu wa Darasa la Kwanza wa shule yetu ya kisiwani, pale Ndagoni, alikuwa akishika chaki, anazungusha mkono vizuri tu, na akifika mahali pa kulifunga duara mkono unamponyoka, kinatokea kitu kama kiazi kilichoanza kuchipua. Watoto wanacheka, na yeye anacheka kuwashinda. Mraba wake ulilalia upande mmoja. Pembetatu yake ilikuwa na nafuu kidogo, ila nayo haikukosa pembe moja iliyotaka kwenda zake.

"Mimi na ubao hatuelewani," aliniambia siku za mwanzo, akijipangusa chaki kwenye pindo la kanga. "Sasa nigombane nao kila siku, na vifuu vimejaa kila ua?"

Basi ubao akauacha. Darasa lake likawa na vifuu vya nazi vilivyopasuliwa nusu, vidaka, nazi changa zilizopukutika zikiwa bado ndogo, makombe ya pwani, na chelewa, zile njiti za makuti tunazofungia mifagio. Hivyo ndivyo vilikuwa vitabu vyake vya hesabu.

Mimi nilikuwa nimetoka Tabora, moja kwa moja kutoka chuoni, nikapangiwa Darasa la Nne, chumba cha pili yake. Ukuta uliotutenganisha haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa kwake kilinifikia. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili, nikiwa nafundisha sehemu za mmea, upande wa pili kukalipuka kelele kama goli limefungwa. Nikaweka chaki chini, nikaenda kugonga.

Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani. Watoto wote walikuwa sakafuni, na yeye sakafuni katikati yao, amekunja miguu, mwanamke mzima wa makamo mwenye mvi zinazochungulia kwenye ushungi.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Ingia au toka, mwanangu. Mlango unaleta upepo, chelewa zangu zinaruka."

Mtoto mmoja akanishika mkono, akaniketisha, akanipa njiti nne na vipande vya udongo wa mfinyanzi vya kuunganishia pembe. Wote walikuwa wanatengeneza mraba. Nikatengeneza wangu. Mtoto aliyeniketisha akauweka wima, akausukuma kwa kidole kimoja, ukainama.

"Wa mwalimu nao umechoka!" akapiga kelele.

"Miraba yote imechoka," Mwalimu wa Darasa la Kwanza akasema, macho yanamng'aa. "Njiti ni zilezile, hakuna iliyopungua. Kwa nini inachoka? Tufanyeje isichoke?"

Nilikuwa nimesoma jiometri miaka yote ile, na nikiri kwamba sikuwahi kuona mraba ukichoka. Watoto walijaribu udongo mwingi zaidi. Walijaribu njiti nene. Kisha msichana mmoja, Zuwena, mdogo wa umbo na mwenye kutembea kama ana haraka hata akiwa hana pa kwenda, akachukua njiti ya tano, akaipitisha kutoka pembe hii mpaka pembe ya kule. Ikawa fupi. Akainuka, akatafuta ndefu zaidi, akairudisha, akaibana kwa udongo. Akausukuma mraba. Haukutikisika.

"Hauchoki!" akasema, kwa sauti ndogo kwanza, kama haamini. Halafu kwa sauti kubwa. "Mwalimu, hauchoki!"

Ndipo zikaja zile kelele tena, na safari hii na mimi nilikuwa ndani yake. Darasa la Nne walikuwa wamepanda juu ya madawati, wanachungulia juu ya ukuta.

Tangu siku ile nikawa napita kwake kila nilipopata nafasi.

Alikuwa na maneno yake. "Kwanza shika, halafu sema," aliwaambia watoto, na mtoto aliyetoa jibu kabla ya kushika kitu aliambiwa akashike kwanza. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtoto amekosea. Alisema, "Hebu mwoneshe mwenzio ulivyofanya," na mara nyingi mtoto, katikati ya kuonesha, alinyamaza, akakuna kichwa, akaanza upya mwenyewe. Akiletewa swali asilolijua, alifurahi kama ameletewa zawadi. "Hilo silijui kabisa!" angesema. "Nani analijua? Hakuna? Tena vizuri!"

Kwa watu wazima alikuwa mtu mwingine. Hakuwa na subira nasi hata chembe. Kwenye vikao vya walimu alisinzia waziwazi, na ukimwamsha alikutazama kana kwamba wewe ndiye mkosaji. Na vifuniko! Hapakuwa na kifuniko salama kijijini. Vya ndoo, vya mafuta ya kupikia, vya chupa za dawa, vyote kwake vilikuwa maduara yaliyokosa kazi. Mwenye duka jirani na shule alijifunza kuficha vyake chini ya meza akimwona anakuja. Siku moja Mwalimu Mkuu alizunguka ofisi nzima akitafuta kikombe cha juu cha chupa yake ya chai, akakikuta Darasa la Kwanza, mtoto anakipigia mstari wa mkaa kukizunguka.

"Mwalimu, hicho ni kikombe changu," akasema.

"Ndiyo, mkuu. Mtoto yupo nusu yake, ngoja amalize."

Na Mwalimu Mkuu akangoja.

Nilidhani nyumbani kwake pia ni fujo tupu. Nilipoalikwa mara ya kwanza, nilikuta ua umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, mikeka imenyooshwa, sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Nilisogeza kigoda kidogo ili nikae vizuri. Akaendelea kuzungumza, lakini jicho lake likawa kwenye kile kigoda, mpaka nikakirudisha.

"Fujo naiacha kazini," akasema, akashusha pumzi.

Siku ile ile nilimuuliza, kwa mazungumzo tu, ana watoto wangapi.

"Wapo, alhamdulillahi," akajibu, akanisogezea sahani ya sambusa. "Kula. Hizi ni pembetatu ambazo watoto hawagombani kuzitaja."

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikarudia swali. Akajibu vilevile, "Wapo," na kuniongezea chai.

Sasa nije kwenye habari ya potwe.

Kila mwaka ukifika msimu wake, papa potwe husogea karibu na Kilindoni, na wageni huja kutoka mbali kuogelea naye. Watoto wetu walimsikia kila siku lakini wengi wao hawakuwahi kumwona. Asubuhi moja mtoto akauliza, "Mwalimu, potwe ni mkubwa kama nini?" Darasa zima likajibu kwa mpigo. Kama basi. Kama msikiti. Kama Mwalimu Mkuu akilala. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona anavyouma mdomo wa chini ili asiseme kitu.

Baba wa mtoto mmoja alikuwa nahodha wa boti ya kuwapeleka wageni. Mwalimu akamfuata nyumbani, akamwomba jambo moja: potwe akija kuogelea sambamba na boti, atazame pua yake ilipo na mkia unapoishia, kisha apimie kamba kwenye ubavu wa boti. Nahodha alicheka, lakini kamba aliileta, ina fundo huku na fundo kule.

"Huyu alikuwa wa kiasi," akasema. "Si mkubwa sana."

Tukaitandaza kamba uwanja wa mpira. Watoto walipoona inavyokwenda, na inavyozidi kwenda, wakaikimbilia mpaka fundo la mwisho. Halafu ikaanza kazi ambayo sijaona mfano wake. Wengine walimwaga majivu kuchora mgongo na tumbo. Wengine walikata makuti, wakapanga mapezi, pembetatu kubwa juu na ndogo nyuma yake. Mwili mzima ukajazwa madoa ya vifuu vilivyofunikwa, safu baada ya safu, na kati ya safu na safu mistari ya chelewa, kama nahodha alivyotuelezea. Zuwena alikuwa mkuu wa madoa. Alipita na vifuu kwenye pindo la sketi, anaweka, anarudi nyuma kutazama, anasogeza kimoja kidogo, anakimbia kuchukua vingine. Madarasa ya juu yakatoka. Walimu tukatoka. Mpishi wa uji akaja na mwiko mkononi.

Jua lilikuwa kali, na potwe amelala uwanjani na madoa yake yote, mdomo wake mpana umeelekea golini.

"Sasa!" Mwalimu wa Darasa la Kwanza akapaza sauti. "Potwe huyu ni sawa na watoto wa darasa la kwanza wangapi? Lala!"

Mtoto wa kwanza akalala, kisogo chake kwenye fundo la kwanza. Wa pili akaweka kichwa kwenye nyayo za wa kwanza. Wa tatu vilevile. Shule nzima ikahesabu kwa sauti, na kila aliyelala alipiga miguu kwa furaha ikabidi ashikwe atulie. Zuwena alikuwa wa saba. Wa nane alipolala, kichwa tu ndicho kilichoingia, mwili wote ukabaki nje ya mkia.

"Saba na kichwa!" Mwalimu akaruka. Aliruka kweli, kandambili moja ikamtoka. "Potwe ni watoto saba na kichwa!"

Nilipogeuka kucheka na mtu yeyote wa kucheka naye, nikamwona bibi yake Zuwena amesimama kwenye njia ya kando ya uwanja, ana mzigo wa kuni kichwani. Yeye hakuwa anacheka. Alitazama mpaka watoto walipoinuka na kujipangusa vumbi, kisha akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Zuwena hakuja. Saa ya uji bibi yake akaingia uwanjani, hana mzigo safari hii, amefunga kanga kiunoni kwa nguvu. Mwalimu wa Darasa la Kwanza akatoka kumpokea.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Nani aliyekwambia uhesabu watoto?" Sauti yake haikuwa kubwa, ikabidi tusogee kumsikia. "Umewalaza chini kama maiti, ukawahesabu mmoja mmoja, jua la utosini, kila jicho linaona. Watoto wa watu ni nazi hao? Mjukuu wangu hajainua kichwa tangu jana jioni. Anaungua."

Nilitegemea Mwalimu atajitetea. Nilikuwa na maneno yangu mwenyewe tayari mdomoni, ya chuoni, kuhusu homa na mbu.

"Amepimwa?" akauliza.

"Nimemsomea."

"Umefanya vyema, na mimi nitamsomea njiani. Twende akapimwe, bi mkubwa. Tusisimame."

Akanigeukia, akanikabidhi darasa lake kwa kidole tu, na baada ya muda mfupi nikaona bodaboda inapita, dereva mbele, bibi amempakata Zuwena aliyefunikwa kanga, na bodaboda ya pili nyuma yao imembeba mwalimu. Walikwenda mpaka hospitali, Kilindoni.

Ilikuwa malaria, na ilikuwa kali. Zuwena akalazwa. Mwalimu akabaki huko na bibi, wakipokezana kumfuta mwili kwa maji, na kijijini maneno yakaenea haraka kuliko pikipiki. Baadhi ya wazazi wakawazuia watoto wao nyumbani. Nilisimama mbele ya darasa lililopungua, nikachora duara ubaoni, duara zuri, halina pua, na watoto waliobaki wakalitazama tu wakiuliza mwalimu wao anarudi lini.

Kamati ya shule ikaitisha kikao cha wazazi. Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima, mwenye mashamba ya minazi, ambaye babu zake walitoka Omani. Mwalimu alirudi kwa ajili ya kikao hicho, macho mekundu kwa kukosa usingizi, bibi yake Zuwena nyuma yake. Mtoto alikuwa amebaki hospitalini na shangazi yake.

"Mwalimu," mwenyekiti akaanza, "hatuna ugomvi na wewe. Lakini wazazi wanasema watoto hawaandiki. Wanacheza na vifuu tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Na sasa limetokea hili la kuhesabiwa. Kamati inakuomba uache haya mambo, watoto wakae kwenye madawati wasome kama wengine."

Mwalimu akasimama.

"La kuwahesabu watoto, bi mkubwa amenikataza na mimi nimekubali," akasema. "Sitawahesabu tena. Nawaomba radhi nyote mliochukizwa. La vifuu, mzee wangu, siachi. Mkitaka niache, niandikieni uhamisho, nitaondoka kwa salama. Lakini nikiwa humu ndani, watoto watashika."

Mwalimu Mkuu akainamisha kichwa. Mimi nilimwona mwenzangu kama tayari ameshafunga mizigo.

"Mimi nina neno," bibi yake Zuwena akasema, bila kusimama. "Jana mtoto alifungua macho. Hakuomba maji, hakuomba uji. Aliona vizibo vya zile chupa za dawa kwenye meza, akaniambia, bibi, nipe. Akavipanga kwenye shuka. Akaniambia, bibi, hivi vyote ni duara, leta chochote kisicho duara. Nikampa boksi la dawa. Akacheka." Akajifuta uso kwa kanga. "Nikajua huyu amepona. Sasa nyinyi mnataka mwalimu aondoke? Watoto asiwahesabu. Vingine vyote vya duniani, ahesabu."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni nahodha. Mwenyekiti mwenyewe alijaribu kujizuia akashindwa, akapiga meza kwa kiganja na kusema kikao kimefungwa.

Zuwena aliporudi shule, amekonda, miguu kama chelewa, potwe alikuwa bado yupo uwanjani, amefifia kidogo. Mwalimu akawaambia watoto wavue kandambili. Walipima potwe kwa kandambili, moja mbele ya nyingine, nyekundu, za bluu, zilizokatika na kufungwa waya. Safari hii hesabu ilikwenda mbali sana, mpaka kwenye namba ambazo Darasa la Kwanza hawakuwa wamefundishwa, na walipozifika hizo namba waliziingia wakiimba, hakuna aliyewaambia kwamba ni ngumu. Bibi alikuwa amekaa pembeni kwenye jiwe. Alizihesabu pamoja nao, kwa midomo tu.

Siku hiyo tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, nilimuuliza Mwalimu jambo lililonikaa rohoni.

"Mwalimu, nilipokuuliza una watoto wangapi, ulisema wapo. Kumbe na wewe huwahesabu."

"Siwahesabu. Mama yangu hakutuhesabu, na mimi sikuwahesabu wangu."

"Sasa kwa nini uliwalaza watoto uwanjani ukawahesabu?"

"Nilisahau," akasema. "Walah, nilisahau. Nilikuwa na furaha mno."

Nimekutana na walimu wengi tangu wakati huo, wenye maduara mazuri ubaoni. Sijakutana na mwingine aliyesahau mwiko wa mama yake kwa sababu ya raha ya namba.

Nilihamishiwa Kilindoni, yeye akastaafu, tukawa tunasalimiana kwa simu sikukuu kwa sikukuu. Mwaka jana, karibu na mwisho wa muhula, nilikwenda gatini kupokea mzigo wangu kutoka bara. Boti ya Nyamisati ilikuwa imeshafunga kamba, abiria wanateremka, na katikati ya njia ya wapita njia nikaona mama mmoja amepiga magoti sakafuni. Mfuko wa salfeti ulikuwa umempasukia, vipande vya marumaru vya rangi zote vimetapakaa.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Usisimame, shika huku."

Nikapiga magoti. Alikuwa ametoka kumtazama mwanawe anayejenga Mbagala, akakuta fundi yuko tayari kuyatupa mabaki ya marumaru. Barazani kwake siku hizi wanakuja watoto wa jirani ambao hawajaanza shule. Aliniambia haya huku mikono yake ikienda, na nikagundua kwamba hakuwa anaokota. Alikuwa anapanga. Pembetatu hii na ile, pua kwa pua, zimezunguka kipande kimoja cheupe.

"Nimepewa Darasa la Kwanza," nikamwambia. Nilikuwa nimeambiwa wiki ile ile, na sikuwa nimemwambia mtu.

Mikono ikasimama.

"We! Lini?"

"Januari."

"Wapya? Wote wapya kabisa, hata kalamu hawajui kushika?"

"Wote."

Alinitazama kama mtu mwenye njaa anavyomtazama mwenzake aliyepakuliwa kwanza.

"Nakuonea wivu," akasema. "Wivu mbaya kabisa."

"Mimi naogopa, mwalimu."

"Ogopa tu. Mimi niliogopa kila Januari mpaka nimestaafu. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza silali. Halafu wanaingia, wananukia sabuni, mmoja analia, mwingine anakuuliza kwa nini pua yako iko hivyo. Basi. Huna tena nafasi ya kuogopa."

Dereva wa bodaboda aliyekuwa anamsubiri akaja na ufunguo mkononi. "Mama, twende basi, abiria wangu wengine wanaondoka." Akatazama chini. Akakunja uso. Akainama, akaokota kipande, akakiingiza kwenye pengo. Hakikuenea. Akakigeuza. Hakikuenea. Akavua kofia ngumu, akaiweka chini, akachuchumaa.

Mimi nilikuwa nimeshaona kinakotakiwa kwenda. Nikanyoosha mkono kumwonesha, na Mwalimu akanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Mwache," akaninong'oneza.

Kijana akakigeuza tena, upande wa nyuma sasa, akakisukuma kwa kidole gumba. Kikaingia, kikatulia. Akainua uso, meno yote nje. Watu wa boti walikuwa wanapita pembeni yetu na mabegi yao, wengine wamesimama.

"Ipo nyingine ya kijani?" akauliza.

Mimi na Mwalimu tulikuwa tumeshainama, tunaitafuta.